Ukanda wa Udongo Mweusi: Alabama na Kura ya Mwaka 2008

Habari ya kuchaguliwa kwa Barack Obama kuwa Rais wa Marekani ilifika Afrika Mashariki asubuhi ya Jumatano, tarehe 5 Novemba 2008, na wengi wetu twaikumbuka asubuhi hiyo. Nchini Kenya, alikozaliwa baba yake, Rais Mwai Kibaki aliitangaza Alhamisi iliyofuata kuwa siku ya mapumziko, na vigelegele vya Kogelo vilisikika redioni mpaka ng'ambo ya mipaka. Katika furaha hiyo ni wachache waliouliza ni nani hasa waliompa kura na ni nani waliomnyima.

Nchi ile haimchagui rais wake kwa kuzijumlisha kura za taifa zima. Kila jimbo lina wajumbe wake wa kumchagua rais, na karibu katika majimbo yote ashindaye jimboni, hata kwa kura moja, huchukua wajumbe wote. Kwa hiyo mtu atakaye kuuelewa uchaguzi wa Marekani hana budi kusafiri jimbo baada ya jimbo. Leo tunamwalika msomaji tusafiri naye katika jimbo moja tu, tena mojawapo ya yale yaliyomkataa Obama kwa kishindo, nalo ni Alabama, katika kusini ya nchi ile. Huko John McCain wa chama cha Republican alipata kura 1,266,546, na Obama wa chama cha Democratic akapata 813,479, yaani asilimia 60 kwa 39. Wajumbe wote tisa wa Alabama wakaenda kwa McCain, na zile kura laki nane na ushei zikawa kama maji yaliyomwagwa mchangani.

Walakini hesabu hiyo ya jumla yaficha mengi. Alabama imegawanyika katika wilaya 67. Mtu akiipaka rangi ramani ya wilaya hizo, nyekundu kwa McCain na buluu kwa Obama, ataona jimbo jekundu tupu, kaskazini na kusini, isipokuwa Birmingham pamoja na ukanda mmoja wa buluu uliolikata jimbo katikati kama mshipi. Ukanda huo waanzia mpakani mwa Mississippi, upande wa magharibi, ukaelekea mashariki mpaka karibu na Georgia. Mpumbavu atasema ni bahati tu iliyoupanga hivyo. Lakini mtu ailete ramani nyingine, ile ya wataalamu wa miamba, ambayo haina habari na siasa hata kidogo, nao ukanda ule ule utajitokeza tena mahali pale pale.

Sababu yake ni bahari. Miaka zaidi ya milioni 70 iliyopita nusu ya kusini ya Alabama ilikuwa chini ya maji ya bahari ya joto, yenye kina kifupi. Viumbe vidogo mno vya baharini vilikufa kwa muda mrefu usiokadirika, magamba yao yakatuama chini, yakawa mwamba wa chaki. Bahari iliporudi nyuma, juu ya chaki ile palitokea udongo mweusi, mzito, wenye rutuba ya ajabu. Wamarekani wakauita ukanda ule Ukanda Mweusi kwa sababu ya rangi ya ardhi yake. Baadaye, kama alivyoeleza Booker T. Washington katika kitabu chake cha mwaka 1901, jina hilo likabadilika maana, likawa latumika kwa sehemu ambazo watu weusi ni wengi kuliko weupe. Maana hizo mbili ni ndugu wa tumbo moja. Katika karne ya 19 matajiri wa pamba waliukimbilia udongo ule, nao hawakuulima kwa mikono yao, bali kwa mikono ya watumwa ambao babu zao walitekwa Afrika. Penye udongo mweusi pakawa na pamba, penye pamba pakawa na watumwa, na wajukuu wa watumwa hao ndio waliosimama katika mistari ya kupiga kura mwaka 2008. Hivyo bahari iliyokauka kabla ya kuumbwa mwanadamu ilishiriki katika uchaguzi wa Obama.

Msafiri hufanya vema kuanzia Montgomery, mji mkuu wa jimbo. Katika ngazi za jengo la serikali ya jimbo, mwezi Februari 1861, Jefferson Davis aliapishwa kuwa rais wa majimbo yaliyojitenga ili kuulinda utumwa. Umbali wa kutupa jiwe kutoka ngazi hizo ndipo lilipo kanisa dogo la matofali ambalo Martin Luther King alikuwa mchungaji wake, wakati Rosa Parks alipokataa kumpisha Mzungu kiti katika basi, tarehe 1 Desemba 1955, na watu weusi wa mji wakayasusa mabasi kwa siku 381. Ni nadra kuona historia mbili zinazopingana zikiishi karibu hivyo.

Kutoka hapo barabara namba 80 yaelekea magharibi, ikaingia wilaya ya Lowndes. Wenye haraka huipita Lowndes bila kusimama, maana haina mji wa kutajika. Yafaa kusimama. Mwanzoni mwa mwaka 1965, katika wilaya hii ambayo watu wanne katika kila watano walikuwa weusi, hapakuwa na mtu mweusi hata mmoja aliyeandikishwa katika daftari la wapiga kura. Wazungu walioandikishwa, kwa upande mwingine, walikuwa wengi kuliko Wazungu watu wazima waliokuwa wakiishi humo. Yamkini marehemu wa Lowndes walikuwa na ari kubwa ya uraia.

Hali hiyo ilipangwa. Katiba ya Alabama ya mwaka 1901 iliandikwa na watu ambao hawakuficha nia yao ya kumwondoa mtu mweusi katika siasa kwa njia ya sheria. Waliweka kodi ya kichwa ya dola moja na nusu kwa mwaka, ambayo isipolipwa ilijilimbikiza. Waliweka mtihani wa kusoma na kuandika, ambao msahihishaji wake alikuwa karani Mzungu, na sharti la mali kwa wasiofaulu. Kabla ya katiba hiyo wanaume weusi wenye umri wa kupiga kura walikuwa zaidi ya 180,000. Baada yake walioandikishwa hawakuzidi 3,000 hivi. Wazungu maskini nao walinaswa kwa maelfu katika wavu uo huo, jambo ambalo wenye mashamba makubwa hawakulisikitikia.

Mtu wa Lowndes aliyethubutu kwenda kujiandikisha alihatarisha kazi, nyumba na roho. Wengi walilima mashamba ya watu kwa kugawana mavuno, wakiishi katika vibanda vya mwenye shamba. Walipojiandikisha mwaka 1965, baada ya sheria mpya ya haki ya kupiga kura kutiwa saini na Rais Johnson tarehe 6 Agosti, wenye mashamba waliwafukuza. Kando ya barabara hiyo namba 80 pakaota mji wa mahema, wazazi na watoto wakalala kwenye turubai katika baridi ya Desemba, na baadhi ya familia zikakaa humo zaidi ya miaka miwili. Ni katika barabara hiyo hiyo ambapo Viola Liuzzo, mama Mzungu wa watoto watano kutoka Detroit, aliuawa kwa risasi tarehe 25 Machi 1965, akiwa katika kazi ya kuwasafirisha waandamanaji kwa gari lake.

Hapa pana kisa kimoja ambacho wasomaji wetu watakifahamu upesi kuliko Wamarekani wenyewe. Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, kila chama Alabama kilikuwa na alama yake katika karatasi ya kura, kama vile jirani zetu wa Tanzania walivyochagua wabunge kwa jembe na nyumba tangu mwaka 1965. Alama ya chama cha Democratic cha Alabama ilikuwa jogoo mweupe, na juu yake kwa miaka mingi paliandikwa maneno ya kutukuza ubwana wa Wazungu. Watu weusi wa Lowndes, wakisaidiwa na vijana wa chama cha wanafunzi kilichoongozwa na watu kama Stokely Carmichael, walikataa kumpigia kura jogoo. Wakaunda chama chao cha wilaya, nacho kikachukua alama ya chui mweusi. Alama hiyo ndiyo iliyochukuliwa baadaye mwaka huo huo wa 1966 na vijana wa Oakland, California, ikajulikana dunia nzima, hata watu wakasahau kwamba ilianzia kwa wakulima wa pamba. Mmoja wa vijana waliofanya kazi Lowndes, Courtland Cox, alikuja baadaye kuwa miongoni mwa waandalizi wakuu wa Mkutano wa Sita wa Umoja wa Waafrika uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1974.

Wagombea wa chui walishindwa mwaka 1966. Mwaka 1970 mmoja wa viongozi wao, John Hulett, alichaguliwa kuwa sherifu, yaani mkuu wa polisi wa wilaya. Naye alikuwa mmoja wa watu weusi wawili wa kwanza kuandikishwa Lowndes miaka mitano tu kabla ya hapo. Mwaka 2008 Lowndes ilimpa Obama kura tatu katika kila nne.

Lakini msafiri asidhani kwamba kura ilileta kila kitu. Udongo ule mzito uliokubali pamba haukubali maji kupenya. Nyumba nyingi za Lowndes haziko katika mabomba ya maji machafu ya mji, na mashimo ya vyoo hujaa na kufurika mvua inyeshapo. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo yaliyoonyesha dalili za minyoo ya safura miongoni mwa wakazi waliopimwa, ugonjwa ambao Wamarekani wengi walidhani umebaki katika vitabu vya nchi zetu za joto. Akina mama wanaousoma ukurasa huu wanajua kazi ya kulea watoto penye choo kilichofurika, na hawahitaji kuelezwa.

Mbele ya Lowndes ni Selma, mji wa mto na daraja. Daraja lile lina jina la Edmund Pettus, aliyekuwa ofisa wa jeshi la watetezi wa utumwa na kisha seneta. Jumapili ya tarehe 7 Machi 1965, waandamanaji waliotaka haki ya kupiga kura walipigwa marungu na polisi wa jimbo upande wa pili wa daraja, picha zikaonekana katika televisheni usiku ule ule, na taifa likashtuka. Mengi yameandikwa juu ya siku hiyo, nasi hatutayarudia. Litajwe moja tu: tarehe 4 Machi 2007, akiwa ndiyo kwanza ameanza kuutafuta urais, Obama alikwenda Selma, na katika hotuba yake kanisani alimtaja babu yake wa Kenya, aliyekuwa mpishi wa Waingereza, mtu mzima aliyeitwa boi. Wazee wa Selma, ambao nao waliitwa hivyo na watu wadogo kwao kwa umri, waliielewa habari hiyo bila ya mkalimani.

Kusini-magharibi ya Selma, katika wilaya ya Wilcox, mto Alabama hujipinda kama kiatu cha farasi na kukizunguka kijiji pande tatu. Kijiji hicho chaitwa Gee's Bend, na wakazi wake wengi wana jina la ukoo la Pettway, ambalo ni jina la Mzungu aliyewamiliki babu zao. Akina mama wa Gee's Bend ni mafundi wa mifarishi, yale mablanketi ya viraka yaliyoshonwa kwa tabaka, ambayo waliyashona kwa mabaki ya suruali za kazi, nguo kuukuu na magunia ya unga, ili watoto wasipatwe na baridi katika nyumba zenye nyufa. Walioishona hawakufikiri kwamba ni sanaa. Mwaka 2002 ilitundikwa katika majumba ya makumbusho ya Houston na New York, watu wakaitazama kama watazamavyo picha za wachoraji mashuhuri, na mwaka 2006 serikali ya Marekani ikatoa stempu za posta zenye picha zake.

Hata hivyo kilichotuleta Gee's Bend ni kivuko. Makao makuu ya wilaya, mji wa Camden, yako ng'ambo ya mto, na kwa kivuko ni safari ya dakika chache. Watu wa Gee's Bend walikuwa na jambo moja ambalo wakulima wa Lowndes hawakuwa nalo: ardhi yao wenyewe. Katika miaka ya 1930 serikali ya Rais Roosevelt ililinunua shamba kubwa la zamani, kisha ikawauzia wakulima vipande kwa mkopo wa muda mrefu. Mtu mwenye shamba na nyumba yake hafukuziki kwa kujiandikisha kupiga kura. Basi miaka ya 1960 ilipofika na Pettway mmoja mmoja wakaanza kuvuka mto kwenda ofisi ya Camden, wakuu wa wilaya walitafuta njia nyingine, nao mwaka 1962 wakakiondoa kivuko. Kutoka hapo kwenda kujiandikisha, kwenda dukani au hospitali, palihitaji kuzunguka kwa barabara mbovu mwendo wa saa nzima, kwa mwenye gari. Wasiokuwa na gari waliutazama mji wa Camden kwa macho tu.

Kivuko hakikurudi mwaka uliofuata, wala sheria ya 1965 ilipotiwa saini, wala Carter alipochaguliwa, wala Clinton. Kilirudi mwezi Septemba 2006, baada ya miaka 44. Uchaguzi wa 2008 ulikuwa wa kwanza wa rais tangu kirudi. Wilcox ilimpa Obama zaidi ya theluthi mbili ya kura zake.

Upande wa mashariki wa ukanda kuna wilaya ya Macon na mji wa Tuskegee, wenye chuo alichokianzisha Booker T. Washington mwaka 1881. Chuo hicho kina uhusiano na kwetu: tume ya elimu ya Phelps-Stokes iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924 iliupendekeza mfano wake wa elimu ya mikono kwa shule za Waafrika, na wakoloni wakaupokea kwa furaha isiyo na usafi wote wa moyo. Tuskegee ilijaa walimu na madaktari weusi, watu ambao mtihani wa kusoma haukuwatisha. Kwa hiyo mwaka 1957 bunge la Alabama liliuchora upya mpaka wa mji, uliokuwa mraba, ukawa umbo la pembe 28, ili karibu wapiga kura weusi wote waangukie nje na Wazungu wote wabaki ndani. Mahakama Kuu ya Marekani iliukataa mchoro huo mwaka 1960. Macon ilimpa Obama asilimia 87, na hapana wilaya nyingine ya Alabama iliyomzidishia.

Sasa twende kaskazini, vilimani, katika wilaya ya Winston, ambako udongo ni wa mawe na pamba haikustawi. Mwaka 1860 watumwa wake hawakufika 150. Jimbo lilipojitenga mwaka 1861, mjumbe wa Winston, mwalimu wa shule aliyeitwa Christopher Sheats, alikataa kutia saini, akafungwa. Wakulima wale maskini hawakuona sababu ya kufa kwa ajili ya watumwa wa matajiri wa kusini. Baada ya vita wakashikamana na chama cha Lincoln, chama cha Republican, wakati Alabama nzima ilipokuwa ya Democratic. Chama kile kikageuka, Winston haikugeuka. Mwaka 2008 wajukuu wa watu waliokataa kuupigania utumwa walimpa McCain zaidi ya robo tatu ya kura zao dhidi ya mgombea mweusi, na wakiwa katika chama kile kile cha babu zao.

Kugeuka kwa vyama kwahitaji neno. Mwaka 1948, Rais Truman alipogusa kidogo haki za weusi, jina lake halikuwekwa kabisa katika karatasi za kura za Alabama, ingawa alikuwa rais aliye madarakani na mgombea wa chama kilichotawala jimbo. Johnson naye alitendewa vivyo hivyo mwaka 1964, jimbo likaenda kwa Goldwater wa Republican. Mwaka 1968 lilimpa gavana wake wa zamani, George Wallace, mtetezi wa ubaguzi, kura zipatazo mbili katika kila tatu. Baada ya Carter, jirani wa Georgia, mwaka 1976, hapana mgombea wa Democratic aliyeshinda tena hapo.

Watetezi wa Alabama husema kwamba kura ya 2008 haikuwa ya rangi, bali ya dini, ya bunduki na ya kuchukia kodi. Yamo hayo. Mzungu wa Alabama ni mtu wa kanisa na wa shamba, na hakuhitaji Obama ili aichukie Washington. Lakini kwa mujibu wa mahojiano yaliyofanywa na wapiga kura vituoni, mwaka 2004 John Kerry, tajiri wa Massachusetts asiyefanana na watu wa kusini kwa lolote, alipata karibu Mzungu mmoja katika kila watano wa Alabama. Miaka minne baadaye Obama, mwenye sera zisizotofautiana sana na za Kerry, katika mwaka ambao uchumi uliporomoka mikononi mwa chama cha Republican, alipata mmoja katika kila kumi. Weusi walimpa 98 katika kila mia. Mwandishi huyu hajasikia maelezo ya kodi na bunduki yanayoliziba pengo hilo.

Tangu wakati huo jimbo limezidi kuwa jekundu. Mwaka 2013, katika kesi iliyofunguliwa na wilaya ya Shelby ya Alabama hiyo hiyo, Mahakama Kuu iliiondolea sheria ya 1965 meno yake makuu, yaani wajibu wa majimbo kama haya kuomba idhini kabla ya kubadili kanuni za uchaguzi. Mwaka 2023 mahakama hiyo, kwa mshangao wa wengi, iliamua kwamba Alabama iliwagawanya wapiga kura weusi kwa namna isiyo halali, na mpaka mwingine wa uchaguzi wa bunge ukachorwa, ukiichukua Montgomery na sehemu ya Ukanda Mweusi. Tarehe 5 Novemba 2024 Alabama ilimpa Donald Trump karibu asilimia 65 ya kura zake. Siku hiyo hiyo, katika eneo lile jipya, alichaguliwa mbunge kijana mweusi aitwaye Shomari Figures, jina ambalo mtu wa pwani ya Afrika Mashariki akilisikia redioni atageuka kutazama ni mtoto wa nani.